Tawi la Mtopetope

Mjukuu wangu hupaka raba zake chaki kila Jumapili jioni. Huiloweka chaki ndani ya kifuniko cha kopo, akaikoroga kwa kidole mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, kisha akapaka kwa kitambaa na kuzianika raba dirishani. Harufu yake ni ya ukuta mpya ulionyeshewa mvua. Mtu mwingine angesema ni harufu safi. Mimi ikinifikia nakunja pua, na kabla sijajizuia namwona Zuberi amesimama mlangoni kwetu alfajiri, visigino vimegusana, anangoja watu wazitazame raba zake.

Nasema kabla sijajizuia kwa sababu nimejaribu kujizuia. Mimi ni fundi seremala, shule yangu iliishia darasa la nne, na kuandika nimekushika ukubwani tu, kwa mazoea ya kuweka mambo ya siku katika daftari kila jioni. Humo ndani ya madaftari Zuberi ametajwa mara nyingi kuliko anavyostahili, na karibu mara zote vibaya. Siku moja niliyasoma tena nikaona sikumtendea haki, nikayakata baadhi ya maneno. Kesho yake nikayarudisha. Kwa hiyo wewe unayesoma, nitakueleza jinsi nilivyomdharau, bila kupunguza, halafu utapima mwenyewe. Nikikosea mahali, si kwa makusudi.

Ilikuwa safari ya siku moja, kwa miguu, kutoka kwetu Kisarawe kuteremka vilima na misitu mpaka Kongowe, ile ya Kibaha. Tulikuwa watatu. Mwaka siujui sawasawa. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, maana marekani na kaniki zilishaanza kuonekana tena dukani na watoto tulikuwa tumeacha kuvaa magunia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Mama alihesabu umri wangu kwa mavuno ya mpunga, na kuna mwaka mpunga haukuiva, sasa sijui ule aliuhesabu au aliuruka.

Zuberi alitupita kwa miaka miwili hivi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza la duka la Mhindi, na alipopata nafasi alimpeleka mwanawe Dar es Salaam kwa mjomba akasome. Zuberi alikaa mjini mihula miwili akarudi. Yeye alisema ni homa iliyomrudisha. Mimi sikuamini, ila ushahidi sina, na homa ni kitu cha kweli. Alirudi na raba, na kaptura yenye mstari wa pasi, na fimbo nyembamba ya kuelekezea vitu ambavyo kila mtu alikuwa anavitazama tayari. Ukisimama naye chini ya mnazi aliunyooshea fimbo akakwambia huu ni mnazi, kisha akakueleza kwamba kule mjini minazi imepandwa kwa mstari. Alisahihisha salamu zetu. Alitwambia jua ni kubwa kuliko Kisarawe yote, na Pugu juu yake, tukacheka mpaka tukakaa chini. Hilo la jua lilikuwa kweli, na ninaliandika.

Mimi sikubishana naye hata siku moja. Nilikuwa mtoto mkimya, na watu wazima waliuita ukimya wangu adabu. Kumbe muda wote nilikuwa nayaokota makosa yake na kuyaweka, kama mtu anayekusanya nazi zilizoanguka shambani kwa jirani. Usiku nikilala nilikuwa nayapitia, na yalinipa raha. Sijui kama watoto wengine hufanya hivyo. Sijawahi kumwuliza mtu.

Wa tatu alikuwa Sefu, na safari ilikuwa yake. Sefu aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa bibi yake mzaa baba. Baba yake alikuwa kuli bandarini, alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na mikate na mgongo unaouma. Mama yake aliachika Sefu akiwa na miaka mitatu au minne. Alirudi kwao, akaolewa na mtu mwingine, na mtoto akabaki upande wa baba, kama walivyoamua wakubwa. Tangu hapo Sefu hakumwona. Alichokumbuka kwake ni kimoja tu, jinsi alivyokuwa akiwaita kuku jioni, kwa kubana ulimi kwenye meno. Alituonyesha mara moja. Kuku walikuja kweli.

Ijumaa moja, alasiri, mchuuzi wa kambale wa kukausha alipita na baiskeli yake akitoka Ruvu, akaingia uani kwa bibi yake Sefu na habari. Mama yake Sefu yuko Kongowe, nyumbani kwa Bi. Tatu, shangazi wa mumewe. Mume ameandikishwa kazi ya mkonge huko mbele ya Morogoro, na lori la kuwachukua wanaoandikishwa litapita kesho baada ya sala ya adhuhuri. Mama amesema kama mtoto anaweza kuletwa aletwe, amwone, kwa kuwa huko waendako hajui watarudi lini.

Bibi alihesabu nani wa kumpeleka. Mguu wake haukuweza tena kupanda vilima. Baba yake Sefu alikuwa bandarini. Mwisho akasema Zuberi anaijua njia, maana alikwisha kwenda Kongowe na baba yake kupeleka kanzu za arusi, na mimi niende kwa sababu nina akili iliyotulia. Nilisimama pale pale nikilisikia neno hilo. Nilitazama chini, kama mtoto mwenye adabu anavyofanya. Bibi akatuusia mambo mawili. Kwanza, baada ya reli, kwenye njia panda, tushike mkono wa kulia, tutafika kwenye gogo la kuvukia mto Mpiji. Pili, alisema: "Msitu si mahali pa kupigia domo. Nendeni, fikeni, mtoto amwone mama yake, basi."

Tuliondoka mwadhini akiwa bado anakohoa kusafisha koo. Mimi nilibeba mihogo ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Sefu alibeba tenga dogo lenye mtetea mwekundu, zawadi yake kwa mama. Alimlea mwenyewe tangu kifaranga na usiku ule alimwosha miguu. Zuberi alibeba fimbo.

Sijawahi kuona tena asubuhi kama ile, ingawa nimeamka mapema maisha yangu yote. Umande ulikuwa mwingi kiasi kwamba tulipopita chini ya miti ilikuwa kama mvua inayofikiria. Ndani ya msitu palikuwa na giza la kijani na harufu ya majani yaliyooza, na mbega walikuwa wakiruka juu yetu na mikia yao myeupe. Hondohondo walipopita tulisikia mabawa kabla ya kuwaona. Ningeweza kuifurahia kama Zuberi asingekuwa anaieleza. Alitwambia hawa ni mbega. Alitwambia msitu huu ni wa serikali, kana kwamba askari wa misitu hajawahi kumnyang'anya mama yangu panga. Alitembea mbele akiruka madimbwi kwa ajili ya raba zake, na kila aliporuka aligeuka kutazama kama tumeona.

Mahali fulani kwenye mteremko Sefu aliuliza, bila kumwuliza mtu hasa, kama mama yake atamjua. Mimi nilisikia, nikaendelea kutembea. Zuberi alisimama, akageuka, akaeleza kwa kirefu kwamba mzazi humjua mwanawe kwa harufu, ndivyo mbuzi wanavyofanya, mbuzi mia wakirudi zizini kila mama humpata wake, na binadamu hawezi kushindwa na mbuzi. Nilicheka puani. Lakini niandike na hili: Zuberi ndiye peke yake aliyemjibu.

Tulifika relini jua likiwa limeshapanda. Zuberi alilala kifudifudi, akaweka sikio juu ya chuma, akanyanyua kidole. Akatangaza kwamba treni inakuja, iko mbali kidogo, si salama kuvuka. Tulikaa kwenye nyasi tukingoja. Tulikula muhogo mmoja mmoja. Kuku alisinzia. Reli ilikuwa imenyooka pande zote mbili mpaka mwisho wa macho, na juu yake hapakuwa na kitu ila joto linalocheza. Mwisho Zuberi akasema treni imesimama stesheni ya Soga kunywa maji, tukavuka. Kosa la treni nililiokota, nikaliweka pamoja na mengine, juu kabisa.

Baada ya reli msitu huisha, kinaanza kichaka, na kichakani kuna pange. Wanauma hata juu ya nguo. Nilikuwa nimechoka na pange na nimechoka zaidi na sauti ya Zuberi, ambaye sasa alikuwa akieleza habari za pange, kwa hiyo nikatangulia. Nikavunja tawi la mtopetope lenye majani mengi, nikawa najipigapiga nalo mgongoni. Shina lake nililimenya gome kwa meno, bila sababu, kama watoto wanavyofanya. Nikafika njia panda peke yangu. Pembeni, hatua chache ndani ya kichaka, niliona mbungo umeelemewa na matunda, ya rangi ya machungwa, yameiva mpaka mengine yamepasuka. Nikalitupa tawi, nikaingia kichakani.

Hapa lazima nieleze jambo kwa vijana, ambao siku hizi husoma vibao. Kwetu, wanaotangulia wakifika njia panda huvunja tawi bichi lenye majani wakalilaza kukingama njia wasiyoifuata, ili walio nyuma wasipotee. Hakuna anayekufundisha, unakua ukiona. Tawi lililonyauka ni la jana, unalivuka. Tawi bichi hulivuki, hata kama ulidhani unaijua njia, kwa sababu aliyelilaza ametangulia na ameona usichokiona. Labda daraja limevunjika. Labda nyuki wamechachamaa. Mtu anayelivuka tawi bichi watu humwona mjuvi, na kikimpata kitu huko mbele hawampi pole.

Nilipotoka na mabungo mkononi, Zuberi na Sefu walikuwa wamesimama njia panda, na tawi langu lilikuwa limelala kukingama njia ya kulia. Sikulilaza. Nilitupa tu, nikitazama matunda. Lakini lilivyoanguka, mtu mzima mwenye nia asingelilaza vizuri zaidi.

Zuberi alituzuia tusiguse. Akachuchumaa, akanusa palipovunjika kwa namna ya daktari, akatoa maelezo. Tawi ni bichi, limevunjwa muda si mrefu. Kweli. Limevunjwa kwa mkono, si kwa panga. Kweli tena. Aliyelivunja ni mtu mzima, pengine wawili, wenye haraka, wamekwenda kushoto, na bila shaka gogo la Mpiji limechukuliwa na maji, ndiyo maana wameifunga njia ya kulia.

Kwa miaka mingi nimejaribu kulitilia shaka tawi lile. Pengine halikuwa langu, nimejiambia. Mitopetope ni mingi. Lakini gome la shina lilikuwa limemenywa kwa meno, na katikati ya alama za meno palikuwa na uzi wa gome uliobaki, na mimi mbele nilikuwa na pengo. Nililiona pale pale. Nilijua kama ninavyojua mkono wangu. Nikasimama nikimngoja amalize, kwa sababu kadiri alivyoendelea kueleza ndivyo ambavyo ningekuwa na kitu kikubwa zaidi cha kuokota. Nilipanga kusema mwishoni. Hilo naomba liaminike. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Sefu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini bibi alisema kulia."

"Bibi alisema jana," Zuberi akamjibu. "Hili ni la leo."

Jibu hilo nimelipindua kila upande, sijaona kasoro yake. Kisha akanigeukia mimi, niliyesimama na maji ya bungo kidevuni. "Na wewe, mla mabungo, si ulikuwa mbele? Hukuliona? Ungelivuka hivi hivi kama ng'ombe."

Na Sefu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kwanza tangu tulipoondoka, na hakikuwa na ubaya. Mtoto anakwenda kumwona mama yake, roho iko juu juu, anacheka kwa chochote. Lakini kilinichoma. Nikafunga mdomo nikasema, "Sikuliona."

Ndivyo nilivyosema. Baada ya hapo lile nililopanga kusema halikuwa na mahali pa kupita. Nilijiambia njia ya kushoto itaishia kwenye matanuri ya mkaa, nyuma ya kilima kile tu, tutarudi mara moja, Zuberi ataaibika mbele ya Sefu, jua litakuwa bado halijafika utosini. Sikujua inakokwenda. Hilo pia ni kweli, na sijui linapunguza nini.

Njia ile haikuwa na matanuri. Ilikwenda tambarare, nzuri, na kivuli, kama inayotubembeleza, kisha ikaanza kushuka. Kuku alianza kuhangaika ndani ya tenga, tukamtoa, akakaa kwenye nyasi na kututazama kwa hasira mpaka akataga. Tulisimama watatu tukimngoja kuku amalize. Zuberi alieleza jinsi yai linavyotengenezwa. Sefu alilifunga yai kwenye ncha ya kanzu yake akasema sasa zawadi ni mbili. Kila hatua nilijua ni hatua ya bure, na kila hatua ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza hatua zote zilizotangulia.

Kisha ardhi ikalainika, na mbele yetu hapakuwa na mto bali matete, na chini ya matete tope jeusi linalonuka mayai viza. Njia ikaingia humo ikafa. Pale ni mahali watu wa Ruvu huja kutega samaki masika yakizidi, nilikuja kujua baadaye. Hapavukwi.

Zuberi alisimama muda mrefu. Fimbo yake haikuelekeza kitu. Sefu alitazama jua, akatutazama. Na hapo Zuberi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Aliniuliza.

"Rajabu," alisema, na hakukuwa na mjini katika sauti yake, "wewe unaonaje?"

Ningesema wakati ule, tungerudi mbio njia panda, tukashika kulia. Nimeipima njia hiyo nikiwa mtu mzima, kwa makusudi, kwa mwendo wa mtoto. Tungefika. Tungefika tukihema, adhuhuri ikiadhiniwa.

Nikamwambia, "Wewe ndiye unayejua njia."

Niliisema kwa upole. Hata leo nikiisikia kichwani ni ya upole, na ndiyo maneno ya chini kabisa niliyowahi kumwambia mtu. Alinitazama. Sijui alielewa nini. Kisha akakaa akavua raba zake, akamvalisha Sefu kwa sababu ya miiba ya matete, zikampwaya, akazifunga kwa nyasi. Akamchukua kuku akamweka juu ya kichwa chake, akaingia topeni wa kwanza, akipima kwa fimbo. Tuliambaa na kinamasi hivyo, upande wa kulia, matete yakitukata masikio, mpaka tukaliona gogo. Lilikuwa limelala mahali pake, kavu, halijachukuliwa na maji yoyote. Zuberi aliliona akasema tu, "Lipo." Hakusema neno jingine mpaka Kongowe.

Tukiwa bado kwenye mlima wa kutokea mtoni tulisikia honi. Ilipigwa mara moja, ikanyamaza. Ikapigwa tena. Sefu akaanza kukimbia, raba zikamtoka, akaziacha. Ikapigwa mara ya tatu, ndefu, kisha tukasikia injini ikinguruma, ikibadilisha gia, ikienda upande wa Ruvu. Tulisikia mpaka ikawa kama nyuki, na baada ya hapo tuliendelea kusikia, au tulidhani.

Bi. Tatu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kaniki, amesimama kando ya barabara. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anamtazama Sefu tu. Akatueleza taratibu, akiwa ameshika bega lake. Mama alikaa pale pale kando ya barabara tangu asubuhi, juu ya sanduku lake. Dereva alipotaka kuondoka mama alimwomba angoje kidogo, akangoja. Akaomba tena. Wenzake waliokwisha panda walianza kunung'unika. Zile honi, dereva alipiga kwa ombi lake, ili kama tuko karibu tukimbie.

Sefu hakulia. Aliuliza kama kuku anaweza kupelekwa na lori jingine. Bi. Tatu akamwambia lori jingine si karibuni, mwanangu. Sefu akasema, haya.

Kisha Bi. Tatu akauliza ni nani aliyeongoza njia. Hakufoka. Aliuliza tu, kama anavyouliza mtu mzima anayetaka kujua alaumu wapi.

"Mimi, mama," Zuberi akasema. "Tulikuta tawi, nikalisoma vibaya. Hawa waliniambia kulia, mimi nikakataa."

Hakuna aliyemwambia kulia ila Sefu. Mimi sikumwambia kitu. Lakini alisema hawa, akanitia na mimi. Alisimama pale pekupeku, tope limemkaukia mpaka mapajani, damu ya matete masikioni, na akapokea maneno yote ya Bi. Tatu, ambayo hayakuwa machache: kujifanya kwingi, kujua kwingi, watoto wa mjini. Ni maneno yale yale niliyokuwa nayo moyoni siku nzima, na kwa mara ya kwanza niliyasikia yakitoka nje, kinywani mwa mtu mzima. Yalikuwa yanamhusu mtu ambaye hakuwepo pale.

Bi. Tatu alipomaliza alinigeukia, akanishika kichwa. Akasema huyu anaonekana mtoto mwenye adabu, hata kusema hasemi. Jioni akanipa finyango la shingo ya kuku wa bandani kwake, ambalo wenzangu hawakupata.

Zuberi sasa ni marehemu. Alikuwa karani wa reli, mtu wa kupiga domo mpaka mwisho, na mazishini kwake watu walikuwa wengi, wakihadithiana uongo wake huku wakifuta macho. Sefu alimwona mama yake baada ya miaka minane. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mkonge. Alimkuta na watoto wengine watatu. Anasema walisalimiana vizuri, kama mgeni na mwenyeji. Yeye yu hai, na kila Idi huja kunitembelea, na huwaambia wanangu wamwige baba yao kwa upole. Mimi namkaribisha chai.

Zamani nilidhani dharau ni aina ya akili. Nilidhani anayeona makosa ya mwenzake yuko juu yake kidogo, kama mtu aliye ghorofani. Sasa nadhani Zuberi alikosea kwa sababu alikuwa tayari kusema njia ni ipi na watu wakamfuata na wakamlaumu. Mimi sikukosea hata mara moja katika utoto wangu, kwa kuwa sikuwahi kusema kitu. Nadhani hivyo. Inawezekana hata hili nimelisema vizuri mno, ili nionekane nimejifunza.

Kwa hiyo nimalize na kilichotokea tu. Kabla ya kupanda lori mama yake Sefu alikuwa amemwachia mkate wa kumimina, umefungwa kwenye kitambaa, bado una harufu ya sufuria. Tulipokwisha kula Sefu alikwenda akauleta. Aliuweka juu ya mkeka, akaazima kisu kwa Bi. Tatu, akaukata sehemu tatu. Ya kwanza ilitoka kubwa kidogo, akaipunguza, akaongezea ya pili, akainama kutazama kwa jicho moja mpaka zote zikawa sawa. Akampa Zuberi, Zuberi akatikisa kichwa, akatoka nje. Akanipa mimi. Nikapokea kwa mikono miwili, nikala, nikasema ni mtamu. Ulikuwa mtamu.